Flashi Ina Nafasi Lakini Faili la GB 5 Linakataa Kuingia: Sababu na Namna ya Kutatua

Flashi ni ya GB 32, iliyobaki wazi ni GB 28, na bado ukitaka kuweka video ya harusi yenye GB 5 kompyuta inagoma. Windows inakwambia kuwa faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili wa huko linakopelekwa. Linux inaanza kunakili vizuri, halafu inakata katikati. Wengi hapo huamua kuwa flashi imekufa au ni feki, wakaenda dukani kununua nyingine. Mara nyingi flashi ni nzima kabisa. Kinachokataa ni FAT32, mfumo wa faili (yaani utaratibu wa kupanga mafaili kwenye diski au flashi) uliotoka mwaka 1996 pamoja na Windows 95 OSR2, ambao hadi leo ndio unaokutwa kwenye flashi nyingi za GB 32 kushuka chini.

Dawa zipo kadhaa, na zote ni za bure. Ila ushike jambo moja tangu mwanzo: usichague dawa kwa kuangalia kompyuta yako. Angalia kifaa kitakachosoma flashi hiyo mwisho wa safari. Anayekosea hapa ndiye anayempelekea mteja flashi ambayo runinga ya sebuleni haiioni kabisa.

Kwa nini iwe GB 4

Kwenye FAT32 kila faili lina maelezo yake ndani ya folda, na maelezo hayo yamepewa baiti 32 tu. Baiti 11 za mwanzo ni za jina: 8 za jina lenyewe na 3 za herufi za mwisho kama MP4. Inafuata baiti moja ya kusema kama faili limefichwa au limezuiwa kuandikwa, kisha saa, tarehe na namba ya mahali faili linapoanzia kwenye diski. Baiti 4 za mwisho, yaani ya 29 hadi ya 32, ndizo zinazoshika ukubwa wa faili. Hakuna pengine pa kuandika ukubwa huo.

Baiti 4 ni biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoandikika kwa biti 32 ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo hata kwa baiti moja, halina namna ya kuandikishwa. Chukulia fomu ya ghala yenye visanduku vinne vya tarakimu: magunia 9,999 yanaandikika, ya 10,000 hayana pa kuandikwa, hata kama nusu ya ghala iko tupu.

Mpangilio huo wa baiti 32 umerithiwa kutoka MS-DOS. Familia ya FAT yenyewe ni ya zamani zaidi. Marc McDonald wa Microsoft aliandika toleo la kwanza mwaka 1977, enzi za diski laini. FAT16 iliyotangulia ilikuwa inaishia kwenye diski ya GB 2 katika DOS na Windows 95. Wahandisi walipoleta FAT32 walipanua namba za kuhesabia vipande vya diski, hivyo diski ikaweza kufika TB 2, lakini zile baiti 4 za ukubwa wa faili hawakuzigusa. Mwaka 1996 diski nzima ya kompyuta nyingi za nyumbani ilikuwa GB 1 au 2, kwa hiyo faili la GB 4 lingekuwa kubwa kuliko kompyuta yenyewe. Siwalaumu. Uamuzi wao ulikuwa wa busara kwa wakati ule, na ndiyo maana mfumo huu umedumu kwenye redio za magari, kamera, runinga na printa.

Hatua ya kwanza: hakikisha tatizo ni hili

Angalia kwanza ukubwa halisi wa faili kwa baiti. Kwenye Windows bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, usome namba ndefu inayofuata ile ya GB. Usitegemee GB peke yake, kwa sababu kompyuta hazihesabu sawa. Windows inagawa kwa 1,024 mara tatu, kwa hiyo mpaka wa FAT32 unaonekana kama GB 4.00 au pungufu kidogo. Mac inagawa kwa elfu, na mpaka uleule inauonyesha kama GB 4.29. Faili ambalo Mac inasema ni GB 4.2 litaingia kwenye FAT32 bila shida, na faili ambalo Windows inasema ni GB 4.2 halitaingia.

Kisha angalia mfumo wa flashi. Windows: fungua This PC, bofya flashi kwa kitufe cha kulia, Properties, soma mstari wa File system. Mac: chagua flashi kisha Get Info. Linux: andika

`lsblk -f`

Ukiona FAT32, au vfat kwa Linux, na faili lina zaidi ya baiti 4,294,967,295, umepata jibu.

Kuna dalili nyingine inayowapita wengi. Ukikuta faili ulilopakua kwenye kadi ya simu, au ulilonakili kwa Linux, lina baiti 4,294,967,295 kamili, hilo limekatwa. Lifute uanze upya. Sehemu iliyobaki haikuandikwa popote.

Na kama hata mafaili madogo yanaharibika, au yanaonekana lakini hayafunguki, hapo kweli shuku flashi feki. Ziko nyingi sokoni: nje imeandikwa GB 128, ndani kuna GB 8 tu za kweli. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizo huijaza flashi yote kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Hatua ya pili: flashi hii itasomwa na nini?

Ikiwa ni kompyuta kwa kompyuta, au kwenda kwenye runinga mpya, tumia exFAT, mfumo wa faili mpya kuliko FAT32. Ikiwa ni Windows kwa Windows tu, hasa kwa diski ya nje inayokaa mezani kwa kuhifadhi kazi, NTFS, mfumo wa faili wa Windows yenyewe, ni bora, maana ina kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia umeme ukikatika katikati ya kuandika. Ila NTFS ina tabu yake: Mac inaisoma bila kuiandika, na simu nyingi za Android haziisomi kabisa.

Ikiwa ni redio ya gari, king'amuzi cha zamani, spika ya mtaani yenye tundu la USB, au PlayStation 3, baki na FAT32 ukate faili vipande. Kifaa cha aina hiyo ukikiwekea exFAT kitakaa kimya au kitakuomba ukifomatie flashi, na mwenye flashi akikubali kila kitu kinafutika. Kama kitabu cha maelekezo ya runinga kipo, tafuta ukurasa wa USB. Kwa kawaida wanataja mifumo inayokubalika. Kama hakipo, jaribu na flashi tupu yenye wimbo mmoja kabla hujamkabidhi mtu kazi yake.

Hatua ya tatu: kuhamia exFAT

exFAT ilitoka mwaka 2006 na ukubwa wa faili inauandika kwa biti 64, kwa hiyo mpaka wa GB 4 unakufa. Windows inaifahamu tangu Vista SP1 ya 2008, Mac tangu 10.6.5 ya 2010. Kwenye Linux ilichelewa, hadi Microsoft ilipochapisha maelezo yake mwaka 2019. Kerneli za miaka hii, yaani kiini cha Linux, zinayo ndani. Kadi za kumbukumbu za SDXC, yaani zile zinazozidi GB 32, zinatoka kiwandani zikiwa na exFAT tayari.

Hamisha kwanza kila kilichomo kwenye flashi, kwa sababu kufomati kunafuta vyote. Kisha kwenye Windows bofya flashi kwa kitufe cha kulia, Format, chagua exFAT, acha Quick Format ikiwa na alama, bonyeza Start. Basi.

Kwenye Mac kuna mtego mmoja. Fungua Disk Utility, nenda View, chagua Show All Devices, ndipo ubofye jina la juu kabisa la flashi yenyewe na si lile la chini yake. Bonyeza Erase, weka ExFAT, na kwenye Scheme chagua Master Boot Record. Ukiacha GUID Partition Map, runinga nyingi hazitaiona flashi hata kama zinaijua exFAT, na utabaki unaulaumu mfumo usio na kosa.

exFAT haina ile kumbukumbu ya mabadiliko niliyoitaja kwa NTFS. Ukichomoa flashi ingali inaandika, unaweza kupoteza zaidi ya faili moja. Kwa hiyo iondoe kwa utaratibu kila mara. Kwenye Linux mstari wa maendeleo unaweza kufika mwisho data ingali kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Andika `sync`, usubiri irudi, ndipo uchomoe.

Ukitaka kwenda NTFS bila kufuta vilivyomo, Windows ina amri ya kugeuza FAT32 hapohapo:

`convert E: /fs:ntfs`

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Amri hii ni ya kwenda tu, hairudi FAT32 bila kufomati. Nakala ya akiba fanya hata hivyo.

Hatua ya nne: kubaki FAT32 na kukata faili

Kukata kuko kwa aina mbili na watu wanazichanganya. Aina ya kwanza ni kukata kwa ajili ya kusafirisha: vipande havichezi, sharti viunganishwe tena huko viendako. Aina ya pili ni kukata video iwe sehemu zinazocheza kila moja peke yake. Runinga inahitaji ya pili. Ukimpa mtu vipande vya 7-Zip (programu ya kubana na kukata mafaili) acheze kwenye runinga, hataona kitu.

Kwa kusafirisha, ukiwa Windows tumia 7-Zip. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, Add to archive, na kwenye Split to volumes andika 4000m. Kwenye Compression level weka Store, maana video imeshabanwa tayari na kuibana tena ni kupoteza muda. Utapata mafaili yanayoishia na .001, .002 na kuendelea. Huko mbele yawekwe yote folda moja, afungue la .001 pekee.

Kwenye Linux na Mac:

`split -b 4000m harusi.mp4 harusi.mp4.`

Nukta ya mwisho ni sehemu ya amri, usiiache. Zitatoka harusi.mp4.aa na harusi.mp4.ab. Kuziunganisha kwenye Linux au Mac:

`cat harusi.mp4.aa harusi.mp4.ab > harusi.mp4`

Na kwenye Windows:

`copy /b harusi.mp4.aa + harusi.mp4.ab harusi.mp4`

Hiyo /b isikuponyoke. Bila hiyo, copy inapounganisha inadhani inashughulika na maandishi, na ikikutana na baiti yenye thamani 26, ambayo zamani ilikuwa alama ya mwisho wa maandishi, inaacha kusoma kipande hicho. Ndani ya video baiti hiyo imejaa tele. Matokeo yake ni faili dogo lisilofunguka, na hakuna onyo lolote litakalotokea.

Sasa aina ya pili. Programu ya ffmpeg inakata video bila kuisindika upya, kwa hiyo ubora haushuki na kazi inakwisha haraka. Kwanza piga hesabu ya dakika. Mpaka ni takriban MB 4,294. Video iliyorekodiwa kwa megabiti 20 kwa sekunde inakula MB 2.5 kila sekunde. 4,294 gawa kwa 2.5 ni sekunde 1,718, kama dakika 28 na nusu. Usikate kwenye ukingo huo. ffmpeg hukata penye picha kamili tu, hivyo kipande huweza kuzidi kidogo muda uliotaja. Chukua dakika 25, yaani sekunde 1500:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -c copy -map 0 -f segment -segment_time 1500 -reset_timestamps 1 harusi_%02d.mp4`

Vitatoka harusi_00.mp4, harusi_01.mp4 na kuendelea, na runinga itavipanga yenyewe kwa namba. Mpiga video anayejali wateja wake angekata penye mapumziko ya shughuli, wakati wa kutoka kanisani au msikitini kwenda ukumbini, badala ya kumwacha msemaji katikati ya sentensi. Inachukua muda zaidi, lakini hiyo video itaangaliwa na familia miaka mingi.

Njia nyingine ni kupunguza video yenyewe kwa programu ya HandBrake. Kwa video ya kuangalia nyumbani si mbaya, ila tunza ile ya asili mahali salama, kwa sababu kilichopunguzwa hakirudi.

Flashi ya kusakinisha Windows

Hapa ndipo mafundi wa kompyuta wanapokutana na tatizo hili kila wiki. Kompyuta za UEFI (programu ya kuwashia kompyuta iliyomo kwenye ubao mama) zinawakia kwenye flashi yenye FAT, kwa sababu ndiyo familia ambayo kanuni za UEFI zinalazimisha kila ubao mama kuisoma. Lakini ndani ya ISO nyingi (faili moja lenye diski nzima ya kusakinisha) za Windows 10 na 11 kuna faili la sources\install.wim linalozidi GB 4. Huwezi kuikimbia FAT32, na faili haliingii.

Njia rahisi ni Rufus, programu ya kuandaa flashi za kusakinisha, inayotengeneza sehemu ya NTFS pamoja na kipande kidogo cha kuwashia. Ubao mama fulani fulani unaisumbua njia hiyo, ndipo napendelea njia ya pili, ya kugawa install.wim kwa chombo cha Microsoft wenyewe. Fomati flashi ya GB 16 au 32 kwa FAT32, fungua ISO kwa kubofya mara mbili ili ipewe herufi, tuseme D, na flashi iwe E. Washa dirisha la amri kwa haki za msimamizi, nakili kila kitu isipokuwa lile faili:

`robocopy D:\ E:\ /E /XF install.wim`

Kisha:

`Dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800`

Hiyo 3800 ni MB. Yatatokea install.swm na install2.swm, na kisakinishi cha Windows kinayatambua bila kuambiwa. Kama ndani ya sources umekuta install.esd badala ya install.wim, tazama ukubwa wake kabla ya kuhangaika. Mara nyingi liko chini ya GB 4 na linaingia lilivyo.

Uwe mwangalifu na flashi inayozidi GB 32. Kwa miaka mingi dirisha la Format la Windows limekuwa haliweki FAT32 juu ya GB 32, ingawa FAT32 yenyewe haina katazo hilo, Rufus inaweza. Lakini kwa kazi hii ya kusakinisha, flashi ndogo inatosha.

Video za kamera zilizokatika vipande

Kamera nyingi zenye kadi ya FAT32 zinajikatia zenyewe faili likikaribia GB 4, na kuanza jingine bila kupoteza picha. GoPro za miaka ya karibuni zinaita vipande hivyo GX010123.MP4, GX020123.MP4 na kadhalika. Tarakimu mbili baada ya GX ni namba ya kipande, na nne za mwisho ni namba ya video. Ukizipanga kwa jina, kipande cha kwanza cha video ya 0124 kinaingia kati ya kipande cha kwanza na cha pili cha 0123. Panga kwa tarakimu nne za mwisho kwanza.

Kuziunganisha, andika faili la maandishi liitwalo orodha.txt lenye mistari hii kwa mpangilio sahihi:

`file 'GX010123.MP4'`
`file 'GX020123.MP4'`

Kisha, kwenye diski isiyo ya FAT32:

`ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy nzima.mp4`

Umehamia exFAT na bado inagoma?

Basi mpaka uko kwingine. Faili la ZIP la utaratibu wa awali nalo linaandika ukubwa kwa biti 32, kwa hiyo programu ya zamani isiyojua Zip64, nyongeza ya ZIP kwa mafaili makubwa, itashindwa kwenye GB 4 hata ukiwa juu ya NTFS. Tumia 7-Zip mpya. Wanaookoa data kwenye mashine za miaka ya 90 watakutana na GB 2 badala ya 4: ndivyo ilivyokuwa kwa HFS ya Mac kabla ya HFS+ ya 1998, kwa NFS (njia ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao) toleo la 2, na kwa Linux 2.2 kwenye kompyuta za biti 32. Huko biti moja ilitengwa kwa ajili ya alama ya hasi, zikabaki 31 za kuhesabia.

Kagua kabla hujafuta

Faili la asili lisifutwe mpaka nakala imekaguliwa, hasa baada ya kukata na kuunganisha. Pima alama ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka ndani ya faili, ya faili la asili na ya lile lililounganishwa. Windows:

`certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256`

Linux ni `sha256sum harusi.mp4`, na Mac ni `shasum -a 256 harusi.mp4`. Herufi na tarakimu 64 zitakazotoka zilingane zote. Video uliyoikata kwa ffmpeg haiwezi kulingana, kwa kuwa ni mafaili mapya. Hiyo ifungue kila kipande, uruke hadi dakika ya mwisho, uhakikishe picha na sauti vinakwenda pamoja. Mengine yote yasipolingana, chomoa flashi kwa utaratibu, irudishe, nakili tena, upime upya. Yakikataa mara ya pili, badilisha flashi.